Sivii ya mtu wa baraza inazunguka kwenye grupu, tumhakiki vipi?

Mbukwenyi wasomaji wetu wa Dodoma, Singida na kote mnakotusoma. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinagusa jambo moja, huyu anayekaa pale mbele kutuamulia ametoka wapi, kasoma nini na nani kamweka. Nimechagua chache tu. Nyingine zina majina ya watu na kesi ambazo bado ziko mahakamani, hizo siwezi kuziweka hapa mnisamehe.

SWALI: Dada wa safu habari za saa hizi. Mimi nakaa kata moja pembezoni mwa jiji, huku ambako zamani yalikuwa mashamba ya uwele na mtama na sasa hivi ni bikoni za viwanja kila ukigeuka. Baraza letu la kata muda wake umeisha, wanataka wajumbe wapya. Basi kwenye grupu la wasap la kata inazungushwa sivii ya mzee mmoja, imeandikwa hakimu mstaafu, ana digrii ya sheria kasomea nje, ni wakili, na chini watu wanajaza vidole gumba "huyu ndo wetu tumpe kura zote". Mimi nina mgogoro wa mpaka na jirani, yaani huenda nikaishia mbele yake. Nauliza, kura tunapiga lini? Na unajuaje kama aliyoyaandika ni kweli bila kumvunjia heshima, maana ni mtu mzima huyu. (Msomaji, Dodoma Jiji)

JIBU: Kaka, kura hampigi. Naona kwenye hilo grupu watu wanajiandaa kama uchaguzi wa serikali za mitaa, hapana. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 imeweka kwamba wajumbe wanachaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na wanachaguliwa kutoka kwenye orodha ya majina ya wakazi wa kata hiyohiyo. Idadi ni wasiopungua 4 wasiozidi 8, na sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 ikasema 3 kati yao wawe wanawake. Kwa hiyo kama una la kusema kuhusu huyo mzee, la kumsifia au la kumtilia shaka, vidole gumba vya wasap havimfikishi popote, kaongee na mwenyekiti wako wa mtaa na diwani kabla kikao hakijakaa, na uliza swali moja la msingi sana ambalo watu hawaulizi, je kwenye hiyo orodha wanawake wako wangapi na ni akina nani.

Lingine ambalo wengi bado hawajalijua ni kwamba toka mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, baraza la kata halina tena nguvu ya kuamua kesi ya ardhi kwamba huyu kashinda huyu kashindwa. Kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha. Wanawakalisha wewe na jirani yako, mnaongea, mkielewana vizuri, msipoelewana wanatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana halafu ndo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kama siku 30 zimepita toka upeleke shauri na hamjasuluhishwa unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila hicho cheti. Nakwambia hivi ili ujue huyo mzee hata akiingia hatakunyang'anya shamba kwa muhuri. Na hata hivyo msuluhishi mbaya anaharibu vibaya sana, anaweza kuchelewesha, kukutisha usaini usichokielewa, au kuvujisha siri za upande mmoja kwa mwingine, na wewe pale huna wakili wa kukutetea maana sheria hairuhusu wakili kusimama kama wakili mbele ya baraza la kata. Ndo maana swali lako ni zito na nakupongeza kuliuliza mapema.

Sasa sivii. Hayo mambo matatu aliyoandika yote yanahakikika na hakuna hata moja linalohitaji umvunjie heshima.

La uwakili ndo jepesi kuliko yote. Mahakama ya Tanzania ina mfumo unaitwa e-Wakili, uko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaandika jina la wakili anaona kama yupo kwenye orodha na kama ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huo. Dakika mbili umemaliza. Asipoonekana usikimbilie kumwita tapeli, huenda jina limeandikwa tofauti, muulize kistaarabu namba yake ya uwakili maana kila wakili anayo na huwa wanaikumbuka kama namba ya simu.

La digrii ya nje, kuna Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndo inatambua shahada za nje ya nchi. Mtu aliyesoma nje kwa ukweli anajua TCU ni nini na mara nyingi ana barua ya utambuzi nyumbani kwake. Na la uhakimu, hakimu hakai hewani kaka, anapangiwa kituo, mahakama fulani wilaya fulani toka mwaka fulani hadi mwaka fulani, hivyo muulizeni alihudumu wapi na nani alikuwa hakimu mfawidhi wake, yaani mkuu wa mahakama hiyo. Aliyefanya kazi hiyo kweli ataanza kuwasimulia mpaka mtachoka, kesi za mifugo kula mazao, kesi za mirathi, barabara ilivyokuwa mbovu kipindi cha mvua.

Kuhusu heshima. Najua kwetu huku kumwambia mzee "tuonyeshe cheti" inakaa vibaya mdomoni, lakini tukumbuke ilikuwa hapahapa Dodoma, pale UDOM, tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa wameshaajiriwa, wengine miaka na miaka, na kati yao wapo waliokuwa wanaheshimika sana mitaani kwao. Mimi naona njia nzuri ni kuwauliza WOTE walio kwenye orodha maswali yaleyale, kwenye kikao, siyo kumvizia mmoja. Ukiwauliza wote hakuna aliyedhalilishwa, na yule mkweli atafurahi kwa sababu ataonekana.

Ila kaka nikwambie kitu ambacho nakiamini kabisa na ndo kimenifanya nikujibu kwa urefu hivi. Kwa baraza la kata digrii siyo kitu cha kwanza. Sheria yenyewe inalipa baraza kazi ya kuleta amani na maelewano kwenye eneo, na kwa hapa Dodoma kitu cha kwanza cha kumuuliza mtu ni UNA VIWANJA VINGAPI KWENYE KATA HII NA UNAUZA KWA AJILI YA NANI. Tunajua wote ardhi ya hapa imepitia nini. CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilianza 1973 ikagawa viwanja kwa hati zake mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi kuhamia halmashauri, katikati hapo kuna wazee wa Kigogo ambao shamba walirithi kwa babu na hawana karatasi hata moja, kuna aliyenunua kwa mkono mbele ya balozi, kuna mwenye ofa (barua ya kupewa kiwanja), kuna mwenye hati kamili, na mara nyingine hao wote wanne wanadai palepale pamoja. Serikali ilivyohamia kweli na Dodoma kuwa jiji Aprili 2018 bei zikapanda na madalali wakajaa. Sasa mjumbe wa baraza ambaye mchana ni msuluhishi na jioni ni dalali, au ambaye mtoto wake ni dalali, huyo hata awe na digrii tatu mimi simtaki kwenye kata yangu. Na mama mjane wa darasa la saba ambaye anajua kila mpaka wa mtaa ule toka enzi za vijiji vya ujamaa, ambaye watu wakigombana wanakimbilia kwake wenyewe bila kuitwa, huyo mimi nampigia debe kwa nguvu zote.

Kwa hiyo mhakikini mzee wenu, na akiwa safi mpeni nafasi, hakimu mstaafu wa kweli ni hazina. Lakini ulizeni na hilo la viwanja.

SWALI: Dada, dada yangu mkubwa anaishi Texas, Marekani. Kanitumia picha za mabango yamechomekwa kwenye bustani za watu, "mchague fulani awe jaji". Nikashangaa, kwamba jaji anaomba kura kama diwani? Akaniambia hata yeye hajui ampime vipi. Na sisi kwa nini hatuchagui? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Ni kweli kabisa. Majimbo mengi ya Marekani yanachagua majaji wao kwa kura na Texas ni mojawapo, tena kule wanagombea kwa tiketi ya chama, na majaji wa mahakama zao za wilaya wanakaa miaka 4 wanarudi tena kwa wapiga kura. Ila wale wa mahakama za shirikisho hawachaguliwi, hao Rais anapendekeza na Seneti inathibitisha. Na kuna mambo yatakushangaza zaidi, New York kwenye miji midogo na vijiji kuna mahakimu wa kuchaguliwa ambao si lazima wawe wanasheria.

Dada yako amwangalie mgombea kwa vitu vinavyoshikika, amekuwa na leseni ya uwakili miaka mingapi, amesimamia kesi za aina gani (maana mtu kazoea mikataba ya kampuni halafu anakwenda kusikiliza kesi za jinai), amewahi kuadhibiwa na chama cha mawakili au la, na nani kamchangia hela za kampeni. Hilo la mwisho ndo kidonda chao kikubwa. Kuna kesi maarufu ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009, ya jimbo la West Virginia, bosi wa kampuni ya makaa ya mawe alitumia kama dola milioni 3 kumsaidia mtu ashinde ujaji, halafu kampuni yake ikawa na rufaa kwenye mahakama ya jaji huyohuyo na jaji akakataa kujitoa. Mahakama ya Juu ikasema alipaswa kujitoa, na hata hapo walipita kwa kura 5 kwa 4 tu. Chama cha mawakili cha eneo lake pia mara nyingi huwa wanatoa tathmini ya wagombea, aitafute aisome kabla ya kura.

Sisi hatuchagui kwa sababu Katiba yetu imeweka njia nyingine. Jaji wa Mahakama Kuu anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ibara ya 109, na lazima awe na zile sifa maalumu kwa muda usiopungua miaka 10, yaani digrii ya sheria na awe amekuwa hakimu, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au wakili wa kujitegemea. Rais anaweza kutengua hilo sharti la miaka 10 kwa sababu maalumu akishashauriana na Tume, hiyo nayo imeandikwa. Mahakimu wanaajiriwa na hiyohiyo Tume, na mwenyekiti wa Tume ni Jaji Mkuu.

Mimi binafsi siutamani uchaguzi wa Texas hata kidogo, jaji aliyechangiwa hela siwezi kumwamini kwenye kesi ya aliyemchangia. Lakini kuna kitu cha majirani zetu Kenya natamani tuwe nacho. Kule majina ya walioomba yanatangazwa, mwananchi anaalikwa kupeleka taarifa anazozijua, na usaili unarushwa laivu. Mwaka 2021 wakati wanatafuta Jaji Mkuu watu walikaa mbele ya TV wanaangalia wagombea mmoja mmoja wanaulizwa kuhusu hukumu zao za zamani, mali zao, mpaka akapatikana Martha Koome. Mwananchi hakupiga kura ila alimjua aliyepewa kazi. Hilo lingewezekana na kwetu bila kuvunja kitu.

Wakati tunasubiri, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, unaweza kutafuta kwa jina la jaji ukasoma alivyoandika. Ukitaka kumjua jaji soma hukumu zake tano, utajua zaidi ya sivii yoyote.

SWALI: Mwanangu hujambo. Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa sheria na anataka uhakimu, ndo ndoto yake toka mdogo. Mjomba wake anamkatisha tamaa kila siku, anasema uhakimu bila kuwa na mtu huupati, na kuna bwana mmoja amejitokeza anataka laki tano amwingize. Baba yake hayupo, hela ninayo ya mbuzi. Nifanyeje? (Mama, Kongwa)

JIBU: Shikamoo mama. Hela ya mbuzi wako USIITOE. Naomba uanzie hapo kabla hujasoma mengine. Nafasi za mahakimu zinatangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama hadharani na watu wanaomba kwa mtandao, hakuna bwana wa laki tano kwenye njia hiyo, na huyo akikusumbua tena piga TAKUKURU namba 113 ni bure.

Sasa mjomba namwelewa, watu wameona mengi, lakini anamtisha kijana na kitu ambacho siyo mlima wenyewe. Mlima wenyewe ni Law School. Ukimaliza digrii chuoni bado hujawa tayari, inabidi uende ile Shule ya Sheria kwa Vitendo pale Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na matangazo ya Hakimu Mkazi huwa yanataka digrii na uwe umehitimu hapo. Mwaka 2022 matokeo yao yalileta kelele nchi nzima, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia mitihani 342, na 265 wakaondolewa. Ishirini na sita mama! Waziri akaunda kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kila mtu alilaumu wake, vyuo, shule yenyewe, lugha, mimi ninachokushauri ni kwamba kijana asisubiri afike kule ndo aanze kuandika. Aende mahakamani sasa hivi wakati wa likizo, hapo wilayani, mashauri mengi yanasikilizwa mbele ya watu, akae nyuma aangalie hakimu anavyoandika ushahidi, wakili anavyouliza maswali, halafu usiku arudie mwenyewe kuandika hati za madai na hoja za rufaa. Na aandike kwa Kiingereza na kwa Kiswahili vyote viwili, maana toka 2021 sheria imeipa Kiswahili nafasi kubwa mahakamani na kwenye Mahakama ya Mwanzo ndo lugha yenyewe.

Na wewe kama mzazi weka akiba ya ada na ya kuishi Dar, hapo ndo mbuzi wana kazi ya maana.

Kingine mwambie mapema, kama ana kadi ya chama, cha kijani au cha upinzani, akipata uhakimu anaiacha. Ibara ya 113A ya Katiba inakataza jaji, msajili na hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa, haki ya kupiga kura tu ndo inabaki. Nimesema hivi kwa sababu vijana siku hizi wanaposti mambo ya chama kila saa na baadaye mtu akisimama mbele yao na kesi ya mpinzani ataonyeshwa skrinshoti. Akistaafu mambo mengine, Jaji Mkuu wetu wa zamani marehemu Augustino Ramadhani aliingia kuomba kuteuliwa kugombea urais 2015, lakini alikuwa ameshatoka kwenye kiti.

Mwisho mama, kazi yenyewe aijue ilivyo. Anaweza kupangiwa mkoa hajawahi kufika, hana ndugu hata mmoja, na hiyo kwa kweli ni faida kwa hakimu. Msalimie sana, na akifika Law School aniandikie.

SWALI: Hakimu aliyepangiwa kesi yangu Mahakama ya Mwanzo nimesikia ni shemeji wa mtu ninayeshtakiana naye. Nikimkataa si atanifunga kwa hasira? (Msomaji, Chemba)

JIBU: Kwanza hakikisha. "Nimesikia" haitoshi, jua ni shemeji kivipi, kaoa wapi. Ukiwa na uhakika simama mwanzoni kabisa kabla ushahidi haujaanza, sema kwa adabu kwamba unaomba Mheshimiwa ajitoe kwenye shauri hili kwa sababu hii na hii, na uombe maneno yako yaandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Hiyo ni haki yako wala siyo matusi, na mahakimu wengi wakijua kuna undugu wanajitoa wenyewe hata kabla hujaomba. Usiende nyumbani kwake usiku kuongea, hata kama nia yako ni njema.

Akikataa na sababu yako ni ya kweli mwandikie hakimu mfawidhi wa wilaya. Kama kuna mwenendo mbaya zaidi ya undugu, kwa mfano kaomba hela, kila wilaya ina Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, imewekwa na sheria ya usimamizi wa mahakama ya 2011, na malalamiko yanapelekwa kwa maandishi. Ila kamati haibadilishi hukumu, kubadilisha hukumu ni kwa rufaa peke yake, kutoka Mahakama ya Mwanzo unakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 toka uamuzi utolewe. Watu wengi wanapoteza haki yao hapo kwa sababu wanazunguka kulalamika kwa wakubwa mpaka mwezi unaisha, kwa hiyo siku hukumu inasomwa usitoke kwenye hilo jengo bila kuandika barua ya kuomba nakala, na hakikisha nakala yako ya barua wameigonga muhuri wa tarehe.